Nati Nne za Nyuma

Kama umewahi kupita Mkata na gari, springi zako zimekwisha kusikilizwa na Isihaka, hata kama hukusimama. Gereji yake iko hatua chache tu kutoka kwenye tuta la barabara kuu. Hukaa pale chini ya bati lake, juu ya tairi bovu, akiyasikiliza magari yakiruka tuta. "Huyo bushi zimekwisha," atasema, na macho hajainua. "Huyo bapa la tatu la springi limevunjika, kushoto. Hafiki Segera." Na mara nyingi gari kweli halifiki Segera, jambo linalomfanya Isihaka awe mtu mgumu kuishi naye. Muulize mkewe, Mwaija, anayekaanga mihogo ng'ambo ya barabara. Atakwambia yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na masikio.

Isihaka ni Mzigua wa Mazingara. Amezaliwa katikati ya mahindi na mihogo kama wenzake, lakini jembe na yeye hawakupatana. Ujanani alikwenda Korogwe kutafuta kibarua kwenye shamba la mkonge, akapangiwa gereji ya matrekta na malori. Huko ndiko alikokutana na Simeo, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani na sweta lake zito, akalivua siku ya kwanza kwa joto na asilivae tena. Wawili hao walikula sahani moja miaka tisa. Sanduku la spana lilikuwa moja, na sabuni ya kuoshea grisi ilikuwa moja. Isihaka ndiye aliyemfundisha Simeo kuigonga springi kwa nyundo ndogo na kuisikiliza: bapa zima linaimba, lenye ufa linakohoa.

Msimamizi wao, Mzee Awadhi, alikuwa na sheria moja, na hakumsamehe aliyeivunja. Ukishafunga springi, unakaza zile nati zinazoibana springi na ekseli pamoja. Kisha unachora mstari mwembamba wa rangi, uanzie kwenye nati, uishie kwenye chuma kilicho chini yake. Gari linakwenda kazini na mzigo kwa wiki moja. Likirudi, vyuma vimeshajilaza mahali pake na nati zimelegea kidogo, na mstari umekatika, nusu huku, nusu kule. Hapo zinakazwa mara ya pili. Lakini hazikazwi na yule aliyezikaza kwanza. "Kinyozi hajinyoi," Mzee Awadhi alikuwa akisema. Mkono uliofunga unajiamini mno. Basi akifunga Simeo, wa pili ni Isihaka. Akifunga Isihaka, wa pili ni Simeo. Simeo alichorea rangi nyeupe. Isihaka alichorea kijani, iliyobaki walipopaka milango ya msikiti wa shamba.

Baba yake alipofariki, Isihaka alirudi nyumbani kuzika, akabaki. Simeo naye akafungua gereji yake Old Korogwe, karibu na mto. Hawakugombana. Na hilo ndilo baya lenyewe, kwa sababu ugomvi una siku yake ya kupatanishwa, watu wakakaa kwenye mkeka na wali ukaliwa. Wivu hauna siku. Kila mwaka dereva fulani alimletea Isihaka habari mpya kutoka Korogwe: Simeo amechimba shimo la kukagulia magari, Simeo amemwaga zege, Simeo amenunua mashine ya kupinda springi. "Zege halifungi springi," Isihaka alijibu, akaendelea kufanya kazi kwenye vumbi lake, akikaza mwenyewe mara ya kwanza na mwenyewe mara ya pili, kwa kuwa pale Mkata hakuwa na wa pili.

Kitu kimoja tu Isihaka alikuwa nacho ambacho Simeo hakuwa nacho. Alikuwa na gari la Lekishon.

Lekishon ni mfugaji wa nyanda kavu zilizo ng'ambo ya Mazingara, na gari lake ni Landikruza ya kubebea mizigo, iliyokuwa nyeupe na sasa ina rangi ya njia. Asubuhi inaleta Mkata maziwa ya maboma kumi na mawili, chini ya usimamizi wa mkewe, Naishorua. Mchana inarudi na unga, chumvi, pumba, na wagonjwa waliotoka zahanati. Kwa miaka kumi na moja hakuna mkono mwingine uliougusa upande wa chini wa gari lile. Na wafugaji wa kule hawasomi vibao vya mafundi. Wanatazama gari la Lekishon limeegeshwa wapi, nao wanaegesha hapohapo. Isihaka alilijua hilo vizuri. Kulipoteza gari lile ni kuyapoteza yote.

Masika ya mwaka jana yaliiharibu njia ya Mazingara. Korongo la mwisho kabla ya boma likachimbika hata Landikruza ikawa inalalia tumbo, magurudumu yanazunguka hewani kama mende aliyegeuzwa. Lekishon akaja kwa fundi wake.

"Mzee Isihaka, linyanyue hili gari. Liwe refu, lipite."

Isihaka alikuwa hajawahi kunyanyua gari maishani mwake. Alikuwa anarudisha springi zilizolala, ndiyo, lakini kulipandisha gari kuliko lilivyozaliwa ni ufundi mwingine. Angesema tu sijui, dunia isingeanguka. Lakini neno hilo kwake ni zito kuliko injini. Akaenda kwenye lori lililokufa, akakata mabapa manene, akaongeza mawili kila springi, mbele na nyuma. Gari likapanda kweli. Akasimama kando yake, mikono kiunoni, akajiona.

Siku ya tatu Naishorua alifika na kopo la maziwa, akaliweka mbele ya tairi la Isihaka, akalifungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Lenku."

"Hebu tazama. Nyumbani nimetoka na maziwa. Hapa nimefika na siagi." Akachota donge kwa kidole, akawaonyesha watu wa mgahawa ulio ng'ambo. "Hili gari sasa linasukasuka kuliko kibuyu cha mama yangu. Mzee, umenitengenezea gari au mtambo?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza. Kwa wiki nzima Isihaka aliitwa Fundi Siagi, na utingo wa mabasi walilipaza jina hilo madirishani. Naye, badala ya kuyatoa yale mabapa, akasema springi mpya lazima zizoee. Chuma cha lori kizoee nini! Alikuwa anajua. Kila Landikruza ilipopita tuta ilitoa mlio wa sanduku lililoangushwa, na yeye mwenye masikio alikuwa wa kwanza kuusikia.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja gari la Lekishon halikuonekana, wala kesho yake. Siku ya tatu Isihaka alifungua simu, akaliona kwenye picha ambazo Simeo huwawekea watu wake: Landikruza ileile juu ya zege la Korogwe, imesimamishwa kwenye vyuma vinne, magurudumu yananing'inia, na chini yake maneno, "Kazi imesimama." Alitazama mara moja. Kisha akakumbuka kwamba simu hizi humwambia mwenye picha ni nani aliyetazama, akahisi kama amekamatwa dirishani kwa watu. Basi mara zilizofuata alitazama kwenye simu ya mkewe.

"Mwaija, nipe simu yako nione saa."

"Yako imekufa saa?" Mwaija alimpa, akamwangalia anavyoivuta ile picha kwa vidole viwili, aione springi kwa karibu. "Wivu ni kidonda, mume wangu. Ukishiriki utakonda, na wewe huna nyama ya kupoteza."

"Nani ana wivu?"

"Mimi. Namwonea wivu huyo Simeo, anavyoangaliwa na mume wangu."

Siku ya nne akasema anakwenda Korogwe kununua bushi. Bushi alikuwa nazo katoni nzima, na Mwaija ndiye anayeifuta vumbi.

Alikuwa amepanga kupita tu, kwa mbali, atupe jicho. Akasimama kwenye ua wa jirani, nyuma ya migomba, akaliona. Wivu ulimpanda kutoka tumboni hadi kwenye meno. Gari lilikuwa limesimama juu, wima, bila kujikaza, kama mtu aliyenyanyuka kutoka usingizini. Si mabapa manene ya lori. Simeo alikuwa ameweka springi nyingine kabisa, za mabapa membamba mengi, zilizopindwa zaidi. Isihaka alijua kwa kuona tu kwamba zingelainika kwenye shimo na kurudi juu bila kelele. Alijua pia kwamba yeye hakuwa amefikiria hivyo.

"Isihaka! Kaka, mbona umejificha kwa jirani? Ingia!"

Simeo alikuwa anatoka shimoni, kichwa kimeota mvi, mikono yote grisi, anacheka. Haikuwezekana tena kuondoka. Isihaka akaingia, wakagusana viwiko, akakaribishwa chai akakataa. Kisha akaanza kulizunguka gari. Hakuulizia hali ya watoto, hakuulizia mke. Alikuwa anatafuta kosa.

"Paipu za breki umezirefusha? Gari likipanda, gurudumu likidondoka shimoni, paipu fupi inakatika."

"Nimezirefusha."

"Na shokamzoba?"

"Ndefu, mpya."

"Propela je? Ukinyanyua inakaa upande, itatetemeka."

"Nimeweka kabari kati ya springi na ekseli. Imerudi kwenye mstari wake. Inama uone."

Isihaka akainama, akaona. Kila jibu lilimchoma kuliko lililotangulia. Simeo akajifuta mikono kwa tambara, akasema kwa upole, "Maswali yako ni yaleyale. Nilipokuwa nafunga nilikuwa nakusikia ukiniuliza."

Hayo maneno mtu mwingine angeyabeba nyumbani kama zawadi. Isihaka aliyasikia kama kejeli.

"Sasa nikwambie," Simeo akaendelea, "likishabeba mzigo wiki moja..."

"Basi langu linaondoka," Isihaka akamkata, akatoka. Alikaa stendi saa nzima akilisubiri basi hilo lililokuwa linaondoka.

Ikaanza wiki mbaya kuliko zote. Kila asubuhi Landikruza ilipita tuta la Mkata, na Isihaka alitega sikio kutafuta kosa, na kosa halikuwepo. Gari lilishuka tuta kama mtu anayekaa kwenye godoro. Naishorua alimpungia mkono kutoka juu ya makopo. Maziwa yalifika yakiwa maziwa. Mfugaji mmoja akapita na gari lake bila kusimama, akaelekea Segera. Wa pili akaja kumuuliza Isihaka, kwa adabu zote na shikamoo mbele, kwamba gereji ya Simeo iko upande gani wa mto.

"Hata sijui kama bado iko," Isihaka akajibu. Mungu anamsikia.

Siku ya nane, mchana, Landikruza haikupita. Ilipunguza mwendo, ikakata kona, ikaegesha mbele ya gereji yake kabisa, pua kwenye tairi analokalia. Lekishon akashuka, shuka begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naliacha hapa kidogo. Nakwenda kunywa chai." Akavuka barabara bila haraka, wala hakugeuka.

Isihaka akabaki anaitazama ile pua. Ameleta kunionyesha, akasema moyoni. Barabara yote hii, upana wote huu, hakuona pa kuegesha ila mbele ya macho yangu. Alijizuia kwa muda wa kuhesabu magari manne. Kisha akachukua spana yake, kwa sababu fundi hawezi kuonekana anaingia chini ya gari mikono mitupu, akajilaza kwenye vumbi, akaingia.

Zamani alilazimika kupiga jeki ili aingie chini ya gari hili. Sasa aliingia kama mtu anayeingia kwake, na hilo nalo likamuuma. Akatazama mbele, kulia, kushoto. Kazi safi. Mistari myeupe ya Simeo ilikuwa imechorwa kwenye kila nati, mizima. Akajisogeza nyuma. Kulia, mizima. Kushoto nati nne, na mistari mitatu ilikuwa imekatika.

Akaiweka spana kwenye nati ya kwanza, akaivuta kwa mkono mmoja tu. Ikazunguka robo, laini, bila ubishi.

Furaha iliyompanda sitaisifu. Ni furaha ya mtu aliyetafuta uchafu katika nyumba ya mwenzake mpaka akaupata. Alijua fika kwamba hilo si kosa la Simeo. Ni wiki ya kwanza ya mzigo, ni chuma kujilaza, mstari ulichorwa ili ukatike na uonekane umekatika. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika kumi. Lakini akaze yeye kwa jasho lake, ili Simeo ndiye asifiwe? Acha ipige kelele siku mbili tatu, akawaza. Keshokutwa Lekishon atarudi hapa anasema, mzee, ya Korogwe imelegea. Na wafugaji wote watasikia.

Akaitoa spana kwenye nati. Akatoka chini ya gari, akajikung'uta, akakaa kwenye tairi.

Lekishon alirudi, akamwangalia yeye na spana yake na vumbi mgongoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Asante, mzee."

"Haya. Safari njema," Isihaka akasema. Asante ya nini hakuuliza. Alidhani ni ya kumwachia pa kuegesha.

Wakapakia. Pumba magunia manne, chumvi, makopo matupu. Wakapanda wanawake watano, Naishorua mbele yao, na mmoja, Nailantei, alikuwa amembeba mtoto wake aliyetoka kupigwa sindano. Gari likapanda tuta. Likashuka. Na katika kushuka, nyuma, kushoto, likasema: kwe.

Hakuna mwingine aliyesikia.

Mwaija alimletea ugali na mlenda. Akamega tonge, akaliviringisha, akaliviringisha tena, akalirudisha.

"Mlenda una nini leo?"

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kwe."

Mwaija akaketi. Anamjua mume wake, akamsubiri. Isihaka akamweleza yote, akikitazama chakula: nati, mistari, robo ya mzunguko, na spana alivyoitoa. Alipomaliza Mwaija alivuta sahani upande wake, akaifunika.

"Mle mna Naishorua, mna mtoto wa Nailantei. Mimi nimewauzia mihogo sasa hivi. Na wewe umekaa hapa unasikiliza." Sauti haikupanda hata kidogo. "Ondoka, Isihaka."

Bodaboda aliyekuwa karibu ni Mustapha. Isihaka alipanda nyuma yake na jeki kifuani, spana na nyundo mfukoni, na lile bomba refu la kuongezea spana nguvu begani kama mtu anayekwenda vitani. Njia ya Mazingara inajua kumtikisa mtu. Kila shimo lilimwonyesha kinachoendelea chini ya lile gari: nati inazidi kurudi, springi inateleza kwenye kitako chake, ile bolti moja ya katikati inabaki peke yake kushika kila kitu, inakatika, ekseli inakwenda upande, na gari linajigeuza lenyewe, bila kumuuliza dereva. Na mwisho wa njia kuna korongo. "Kimbiza," alimwambia Mustapha. "Mzee, ninakimbiza!" "Kimbiza!" Wivu wake wote ulikuwa umebaki Mkata, au ndivyo alivyodhani. Kilichokuwa naye pale juu ya bodaboda kilikuwa hofu tupu.

Walilikuta pua imeshainama kuingia korongoni. Kwa nyuma Isihaka aliona gurudumu la kushoto limekaa vibaya, limerudi nyuma kwa upana wa vidole viwili. Mustapha akapiga honi mfululizo, Isihaka akapiga kelele zilizomkausha koo, na gari likasimama.

Lekishon akatoa kichwa dirishani. "Mzee! Umesahau nini?"

"Nati za nyuma. Kushoto. Zima gari, weka mawe."

"Si umeshazikaza?"

Isihaka alikuwa ameshaanza kuinama. Akasimama.

"Nimekuona," Lekishon akasema, akishuka. "Nilikuwa nakunywa chai, naiona miguu yako. Nimekuona na spana. Nimekwambia asante." Kisha akamweleza, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mzee jambo analolijua. "Simeo aliniambia hivi. Likitimiza wiki, egesha kwa Isihaka. Usimwambie kwamba nimekutuma, atakasirika. Egesha tu, nenda ukanywe chai. Ataingia mwenyewe, hawezi kujizuia. Na akiingia, atakaza. Nikamuuliza, kwa nini usikaze wewe? Akasema kinyozi hajinyoi. Sikuelewa maana yake, lakini nikafanya."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani makavu.

Kudanganya kulikuwa rahisi. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa na viatu: nimezikaza, ila moja ilinitia wasiwasi nikaona nikufuate. Lekishon angemshukuru mara ya pili. Angesifiwa mpaka Handeni mjini, fundi aliyepanda bodaboda kwa ajili ya nati moja.

"Sikukaza," Isihaka akasema. "Niliweka spana, nikaona imelegea. Nikaitoa."

"Uliitoa?"

"Niliitoa."

"Kwa nini, mzee?"

"Wivu."

Lekishon akageuka akalitazama korongo. Naishorua alikuwa wa kwanza kushuka. Akampokea mtoto wa Nailantei, na wengine wakashuka mmoja mmoja bila kuambiwa, wakaenda kukaa kwenye nyasi mbali na gari. Siku ya siagi Naishorua alimcheka mbele ya Mkata nzima. Leo Isihaka alisubiri amcheke, alitamani hata atukanwe, lakini Naishorua alimfunika tu mtoto kwa shuka.

Akaingia chini. Springi ilikuwa imeteleza, na bolti ya katikati ilikuwa imepinda lakini bado haijakatika. Ikabidi afungue kabisa. Akapiga jeki, akalegeza nati zote nne, akairudisha ekseli mahali pake kwa nyundo, kidogo kidogo, Lekishon akimshikia lile bomba kwa upande wa pili. Akanyoosha bolti, akafunga upya, akakaza kwa uzito wake wote, nati hii kisha ile ya mkabala, kama alivyofundishwa. Na hata pale, jasho likimwingia machoni, alikuwa anaona jinsi kabari ya Simeo ilivyokatwa vizuri, na kidonda kikauma palepale kilipozoea kuuma.

"Mzee," Lekishon akasema. Alikuwa ameinama, mkononi ana kikopo kidogo kilichofungwa kwa mfuniko wa soda na utepe. "Hiki nacho alinipa Simeo. Akasema nikupe ukishakaza. Pale Mkata nilikisahau."

Isihaka akakifungua. Ilikuwa rangi ya kijani.

Hakutoka haraka chini ya gari. Walipomwona ametoka, macho yake yalikuwa mekundu, na vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Alichukua unyasi, akauchovya, akarudi chini akachora mistari minne kwenye nati nne, kando ya mabaki ya nyeupe. Mstari mmoja ukatoka umepinda.

"Simeo atanipigia jioni," Lekishon akasema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie zimekazwa."

"Basi?"

Isihaka akafungasha jeki yake. "Mwambie zimekazwa korongoni, si Mkata. Ataelewa." Akafunga kikopo, akakitia mfukoni. Kulikuwa na neno moja limebaki, na lilikuwa gumu kutoka kuliko yote ya siku ile. "Na wiki ijayo usiegeshe kwangu. Hizi za kushoto nimezifungua nikazifunga upya mimi. Sasa mimi ndiye wa kwanza. Lipeleke Korogwe, Simeo aukague mkono wangu."

"Wenzangu wataliona liko kwa Simeo tena," Lekishon akasema. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Wataliona."

Lekishon akaingia ndani ya gari, akaliwasha. Landikruza ikashuka korongoni polepole, ikazama, ikalainika, ikapanda upande wa pili bila kugusa tumbo. Isihaka alitega sikio mpaka mwisho, na hakusikia kitu. Wanawake hawakupanda. Walivuka korongo kwa miguu nyuma ya gari, Naishorua mbele na mtoto mgongoni, na hawakupanda mpaka walipoliona limesimama salama ng'ambo.